"Inaingia" si "inafanya kazi": wauzaji wa vipuri vya kompyuta, mtuambie ukweli wote

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo kwa utaratibu, kwa sababu naamini wapo wengi wanaojiandaa kuzijenga upya kompyuta zao za gemu na watatumbukia katika shimo hilihili nililotumbukia mimi wiki hii.

Kompyuta yangu ilikufa bodi. Kadi ya michoro ilikuwa nzima, pawa saplai nzima, kasha na diski havina tatizo; nilichohitaji ni bodi mama, prosesa na RAM. Nilichagua prosesa ya Ryzen 5 5600, inayotumia soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ya aina ya AM4, kisha nikamwendea muuzaji anitafutie bodi ya kuipokea. Alinitolea bodi ya chipseti (chipu inayoratibu kazi za bodi) ya B450, boksi lake limepauka kwa kukaa sana rafuni. Nilimwuliza waziwazi kama bodi hiyo na prosesa hiyo vinaelewana. Akanijibu, "Kaka, AM4 ni AM4. Inaingia hiyo, wala usiwe na wasiwasi."

Na kweli iliingia. Pini zote 1,331 zilikaa mahali pake, mkono wa soketi ukashuka bila kugoma, nikafunga kipoozaji na kuwasha. Feni zote zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na ukingoni mwa bodi kikawaka kitaa chekundu kando ya herufi CPU.

Siku mbili nzima nilizipoteza kutafuta kosa langu. Nilichomoa RAM na kuijaribu kijiti kimoja kimoja katika kila tundu. Niliitoa prosesa na kuzikagua pini zake kwa tochi, nikidhani nimeupinda mmoja. Sikuweza hata kuiondoa kadi ya michoro katika orodha ya watuhumiwa, maana 5600 haina michoro ya ndani na bila kadi huoni chochote hata kama kila kitu ni kizima. Kumbe hapakuwa na kipuri kibovu hata kimoja.

Tatizo ni BIOS, yaani programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi, inayoiwasha kompyuta na kuvitambua vipuri vyake. Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018, ilhali prosesa za Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020, na 5600 yenyewe ilifuata mwaka 2022. Bodi iliyotoka kiwandani mapema na haikuguswa tangu hapo ina BIOS isiyoijua prosesa hiyo kabisa. Inaipa umeme, inasubiri, inakata tamaa. Wala jambo hili halikuwa siri kwa wanaofanya biashara hii. Mei 2020 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walitangaza kwamba bodi za mfululizo wa 400, B450 ikiwemo, hazitapokea prosesa za kizazi hicho, wanunuzi wakapiga kelele, na ndani ya mwezi uleule kampuni ikabadili msimamo. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ufinyu wa chipu ya BIOS, ambayo kwenye bodi nyingi ina MB 16 tu, haitoshi kubeba taarifa za prosesa zote za AM4. Ndiyo maana baadhi ya matoleo mapya ya BIOS yalizifuta prosesa za zamani ili kupata nafasi. Kwa hiyo mtu anayesema "AM4 ni AM4" ama hajui anachokiuza, ama anajua na ameamua kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniudhi zaidi. Dawa ya tatizo hili ni kuweka BIOS mpya, lakini ili bodi iwake na ikubali BIOS mpya inahitaji prosesa inayoifahamu, yaani ya zamani, ambayo mimi sina. Zipo bodi zenye kitufe cha nyuma kinachoruhusu kuweka BIOS kwa flashi bila prosesa yoyote, yangu haina. Muuzaji anayo mezani kwake prosesa moja ya zamani, na kazi yenyewe haizidi dakika chache, lakini anataka nimlipe kama fundi anayefufua bodi iliyoungua. Nilipomwambia basi airudishe, alijibu kwamba dhamana inahusu bodi mbovu, na hii si mbovu.

Najua watakuja watakaoniambia ningesoma kwanza. Nilisoma. Orodha ya mtengenezaji wa bodi inaitaja 5600 kuwa inakubalika, na pembeni kuna safu nyembamba inayosema kuanzia toleo fulani la BIOS. Swali langu ni moja: mnunuzi aliyesimama dukani mbele ya boksi lililofungwa atajuaje ndani yake kuna toleo gani? Baadhi ya maboksi hubandikwa stika inayosema bodi iko tayari kwa mfululizo wa 5000. Hilo ndilo jambo la kistaarabu. Boksi langu halikuwa nayo, na mimi sikujua kwamba kukosekana kwa stika nako ni taarifa.

Msidhani nawaonea AMD peke yao. Intel walitoa soketi ya LGA1151 mwaka 2015, na mwaka 2017 wakatoa prosesa za kizazi cha nane zenye idadi ileile ya miguso na umbo lilelile, lakini zisizofanya kazi kwenye bodi za mfululizo wa 100 na 200. Soketi moja kwa jina, mbili kwa matendo. Kisha ikaja soketi yao ya LGA1700, ambayo bodi zake nyingine hupokea RAM ya kizazi cha DDR4 na nyingine ya DDR5. RAM zote mbili zina miguso 288, pengo la katikati tu ndilo limehamishwa, na kwenye jina la bodi tofauti yote inaweza kuwa herufi na tarakimu mwishoni. Hapo angalau kijiti kinagoma kuingia, na mtu anagundua kabla ya kuwasha.

Pasipogoma ndipo pa kuogopa. Siku hiyohiyo muuzaji huyohuyo aliniona nikiulizia waya wa ziada wa diski, akavuta mmoja kutoka kwenye rundo la nyaya za pawa saplai nyingine na kuniambia, safari hii pia, kwamba unaingia. Niliukataa, na namshukuru Mungu nilikuwa nalifahamu hili. Kwenye pawa saplai za nyaya za kuchomoa, upande wa diski ndio wenye kanuni moja kwa wote. Upande unaochomekwa kwenye pawa saplai kila mtengenezaji anapanga nyaya anavyotaka, na hata mtengenezaji mmoja anaweza kubadili mpangilio kati ya modeli na modeli. Plagi inakaa vizuri kabisa, halafu volti 12 zinafika mahali palipotarajia 5, na diski yenye kila kitu chako inakufa kabla hujaona hata nembo kwenye skrini. Kwa bodi nimepoteza siku mbili. Kwa waya ule ningepoteza picha na kazi za miaka.

Urefu wa kadi na kimo cha kipoozaji sitavizungumzia, kwa sababu hivyo mtu anapima kwa rula na ukweli unaonekana kwa macho. Ninacholalamikia ni kile kisichopimika, ambacho mwuzaji pekee ndiye mwenye uwezo wa kukikagua kabla ya kupokea fedha.

Kesho asubuhi nairudisha bodi. Nimeichapa orodha ya mtengenezaji na kuipigia mstari safu ile nyembamba, na nimeuhifadhi ujumbe niliomtumia muuzaji kabla ya kununua, wenye jina kamili la prosesa yangu, pamoja na jibu lake la neno moja: "Inaingia." Kama kuna aliyewahi kurudishiwa fedha kwa hoja ya kutoelewana kwa vipuri, si ubovu, naomba aniandikie hapa chini alisema nini hadi wakamkubalia.