DEXA (kipimo cha uzito wa mifupa): mgongo -1.4, nyonga -2.7. Tufuate ipi?

Tabibu_Ujiji: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa wa kike, miaka 64, yuko hapa Kigoma, ana baridi yabisi na yuko kwenye prednisoloni (dawa ya steroidi, inayodhoofisha mifupa) mg 10 kwa siku, huu ni mwezi wa nane. Karudi na majibu ya DEXA kutoka Dar: mgongo wa kiuno, pingili L1 hadi L4, alama T (ulinganisho na mfupa wa kijana mwenye afya) ni -1.4, shingo ya fupa la paja, yaani nyonga, -2.7. Eksirei ya kiuno haikutaja mifupa kupungua. Tushike ipi, na dawa tuanzeje?

Fundi Mionzi: Shika ya chini, mkuu. Kuanzia -2.5 kushuka ni osteoporosisi (mifupa kuwa dhaifu na rahisi kuvunjika), hata kama kwingine kuna nafuu. Umri huo mgongo hudanganya: vinundu vinavyoota pembeni mwa pingili, au pingili iliyobonyea, vinasomeka kama madini mengi. Omba picha yenyewe, siyo karatasi ya namba tu. Pingili ambayo alama yake ya T inapishana na ya jirani yake kwa zaidi ya 1.0 itolewe kwenye hesabu, ilimradi zibaki mbili. Eksirei isikupe moyo. Mfupa hupoteza kama asilimia 30 ndipo ionyeshe. Ndiyo maana wengi hawagunduliki mpaka wavunjike. Akirudia, iwe mashine ileile.

Mfamasia wa Zamu: Alendroneti (dawa ya kuzuia mifupa kupungua) mg 70 mara moja kwa wiki. Kwanza pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo (figo zikichuja chini ya mL 35 kwa dakika, achana nayo) na kalsiamu ya damu, na jino la kung'oa ling'olewe kabla. Ameze asubuhi hajafungua kinywa, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai hapana, hata ya rangi. Akae wima dakika 30, maana kidonge kikinasa kwenye umio kinachoma. Akilalamika kiungulia, muulize kwanza alimezaje. Prednisoloni asiikate ghafla.

Tabibu_Ujiji: Nimekupata. Na kalsiamu? Dagaa anakula karibu kila siku.

Lishe_Mwanga: Anawala wazima? Mifupa ndiyo yenye kalsiamu, wakichambuliwa ikabaki minofu umepoteza sehemu kubwa. Lengo ni mg 1,200 kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja. Soma paketi vizuri: kalsiamu kaboneti mg 1,250 ina kalsiamu mg 500 tu, na hiyo 500 ndiyo ya kutosha kwa mara moja. Ameze na mlo wa mchana, mbali na alendroneti.