Sifuri ya mbele "haina thamani", ametamka mkubwa wetu mbele ya watu wote

Fundi wa Katuba
Ndugu zangu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule bwana ambaye sote hapa Lubumbashi tunamjua, na sina haja ya kumtaja, leo ameniita mzembe mbele ya ofisi nzima, mlinzi wa lango akiwemo, kwa sababu programu ninayoitunza, ambayo hupitia saraka na kuendesha kila faili lenye ruhusa ya kutekelezwa, imekesha ikijaribu kuendesha orodha ya mishahara.

Katika lugha ya programu ya C nilikuwa nimeandika `st_mode & 0111`, yaani chukua namba ya ruhusa za faili (st_mode), ubakize (`&`) zile biti tu zilizomo pia ndani ya 0111. Sifuri ya mbele huonyesha kwamba namba ni ya msingi wa nane, na zile moja tatu ni biti za kutekeleza za mwenye faili, za kundi na za watu wengine. Yeye akaifuta. Akaifuta, jamani! Kisha akasimama na kutamka kwamba sifuri ya mbele haina thamani, na kwamba hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo.

Sasa 111 ya msingi wa kumi ni 0157 ya msingi wa nane, ambamo zimo biti za kusoma, hivyo faili la 0644, lisiloruhusiwa kutekelezwa na yeyote, linatoa 36 badala ya sifuri, na kwa C chochote kisicho sifuri ni "ndiyo". Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, peke yake ndiyo iliyokuwa na akili ya kukataa. "Haina thamani", na wote wakaitikia! Ningekuwa mhasibu, ningezifuta sifuri za nyuma za mshahara wake.

Binti Kampemba
Pole, yaya, lakini umejitakia. Biti hizo tatu zina majina yake katika C, S_IXUSR, S_IXGRP na S_IXOTH; ungeyatumia, angefuta sifuri gani?

Papa Ruashi
Huyo wenu ni malaika. Wa kwetu aliandika `&&`, ambayo huuliza tu kama pande zote mbili si sifuri, badala ya `&`, kila faili likahesabiwa kuwa la kutekelezwa, naye akajitetea kwamba alama mbili ni salama kuliko moja.

Fundi wa Katuba
Lakini hakuyasema mbele ya mlinzi!

Mwana wa Ibanda
Huku Bukavu tunaletewa mafaili kwa flashi za FAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao hauhifadhi ruhusa hizo kabisa, na Linux kwa kawaida huyaonyesha yote kuwa 0755, hata picha za harusi. Hapo mtapima biti gani?

Papa Ruashi
Afadhali picha. Programu yetu ilijaribu kuendesha saraka zenyewe, kwa kuwa x, ile biti ya kutekeleza, kwa saraka ni ruhusa ya kupita ndani, na hakuna aliyekumbuka kuanza na S_ISREG, inayopima kama ni faili la kawaida.

Binti Kampemba
Mwana wa Ibanda, hizo picha za harusi ni za nani?