Sukari kushuka baada ya kula: tupeane uzoefu

Mama Pacha: Leo nimewapikia wanangu mahamri, nikamega kipande kidogo tu. Ladha ya iliki ilivyonijaa kinywani nikalia pale pale jikoni. Zamani nilikula mahamri kwa mbaazi bila wasiwasi. Sasa nikigusa wanga, saa 2 au 3 baadaye jasho la baridi, mikono yatetemeka, moyo wenda mbio. Nimeacha soda, chai ya sukari, mkate, wali, ndizi, sasa hata muhogo. Nimebaki na samaki, mayai, kunde na mchicha, na bado sukari yashuka. Kipimo cha kisukari kimetoka sawa. Kuna mwenzangu?

Nahodha: Tupo dada. Pole sana.

Wa Likoni: Umenikumbusha feri. Saa 1 asubuhi nilikunywa chai ya maziwa, sukari vijiko 4, na mahamri matano, nikavuka kumtazama mgonjwa. Saa 4 narudi, feri imejaa pomoni, nimebanwa katikati ya mikokoteni. Macho yakaingia ukungu. Nataka kumwambia mama aliye kando anishike, ulimi mzito, maneno yatoka kombo. Nikaanguka. Nawasikia kwa mbali: "Ana pepo!" Mwengine: "Amelewa huyu." Mimi, na buibui langu, naambiwa nimelewa! Mzee mmoja akaanza kunisomea Ayatul Kursiy. Kijana wa mkokoteni akainua kichwa changu, akaninywesha maji ya miwa yake mwenyewe. Zahanati walipima sukari ya damu 3.1 mmol/L, iko chini, na hapo nishakunywa miwa. Wakaniambia ni mawazo, wakanipa dawa ya maumivu.

Abu Twalib: Hilo jini la bahari. Ukasomewe.

Bint Mvita: Jini gani linatulia kwa maji ya miwa? Hata mie nasomewa, lakini usimzuie mtu kupimwa.

Abu Twalib: Sijamzuia mtu, usinilishe maneno.

Nesi wa Changamwe: Tafadhalini, asiyeweza kumeza asimiminiwe kitu, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Anayemeza apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale yai au njugu.

Nahodha: Yule kijana ulimpata tena?

Wa Likoni: Siku 3 nimemngoja kivukoni. Sikumpata. Namuombea kila sala.

Mama Pacha: Jamani, na mie?

Ustadh: Tende 3 kila asubuhi.

Bint Mvita: Tende tupu ndizo zinazoniangusha mie! Usiache wanga wote, dada. Anza samaki na mboga, wali uje mwisho, kiasi cha ngumi. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa 3.

Kaka wa Bamburi: Mimi wali sigusi kabisa na niko sawa. Ila yangu ilianza baada ya upasuaji wa tumbo. Chakula chateremka utumboni haraka, kongosho latoa insulini, homoni ya kushusha sukari, kupita kiasi. Wewe ulifanyiwa?

Nesi wa Changamwe: Mama Pacha, kipimo cha asubuhi kabla ya kula hakitakuonyesha hili. Pima ukiwa unatetemeka. Andika ulichokula, saa na namba, umpelekee daktari wa homoni. Usiendelee kukata vyakula peke yako.

Mama Pacha: Upasuaji sijafanyiwa. Kilo 9 zimepungua. Mashine ya kupimia sina.

Bint Mvita: Ninayo ya marehemu mama, niko Kibokoni. Vijiti vyake vya kupimia damu vimepita tarehe, vipya nitanunua mie. Niandikie kando, nikuletee kesho baada ya alasiri.