MJADALA: Je, fedha za kampasi za mikoani zingetumika kwanza Mlimani?

Mtoa mada, Sinza
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kampasi yake kuu ni Mlimani, kinajenga kampasi Lindi, itakayofundisha kilimo, na Kagera kupitia mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Naomba tujadili kama huu ndio mpangilio sahihi wa vipaumbele. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, lakini hadi leo vijana wengi wanapanga vyumba Changanyikeni, Msewe na Makongo kwa bei inayomeza fedha zao za kujikimu. Kwa nini tusimalize kwanza shida zilizopo hapa? Isitoshe, ni vigumu kuamini kwamba mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu atawahamisha watoto wake shule ili akaishi Lindi.

Mzaliwa wa Nachingwea, Temeke
Kaka, habari ya hosteli nawaachia wengine, kwa sababu sentensi yako ya mwisho imenichoma. Nilifundishwa na walimu waliotoka Kilimanjaro, Mbeya na Pemba, ambao walijenga kwetu, wakaoza mabinti zao kwetu na wakastaafia huko huko. Madaktari na mahakimu wanaishi Lindi na watoto wao wanasoma. Ni kitu gani kilicho ndani ya shahada ya uzamivu kinachomfanya mtu ashindwe kuishi mahali ambapo wenzake wenye shahada moja wanaishi miaka thelathini?

Mtoa mada
Sikukusudia kuutweza mkoa wako. Nilikuwa nasema juu ya mazingira ya kazi. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, abiria walikwama njiani. Mtafiti anayehitaji kufika Dar es Salaam kwa shughuli zake atafanyaje?

Mzaliwa wa Nachingwea
Jangwani hufungwa mvua kubwa zinaponyesha, wala sijasikia mtu akipendekeza Muhimbili ihamishwe. Sisi tuliosafiri kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tukisubiri kivuko cha Rufiji na watoto mgongoni, tunajua barabara mbaya ni ipi. Na kwa nini mtafiti wa korosho ahitaji kuja Dar es Salaam, wakati kituo cha utafiti wa korosho kiko Naliendele, Mtwara?

Mhadhiri mstaafu, Kijitonyama
Wanangu, nawaomba tuitazame historia ya chuo chenyewe. Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na hakikuhamia Mlimani hadi mwaka 1964. Kitivo cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1969, na kufikia 1984 kilikuwa kimekomaa kiasi cha kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Muhimbili nayo ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar tangu mwaka 1978. Katika mifano yote hiyo, fani ilipelekwa nzima: maprofesa, mashamba au wodi, maktaba na wanafunzi vilikaa pamoja, na maamuzi ya kila siku yalifanyika pale pale. Jambo linalonitia hofu kuhusu Lindi ni hili, kwamba ndaki ya kilimo, yaani sehemu ya chuo inayofundisha fani hiyo, tunayo Mlimani. Ikiwa maprofesa wake watabaki hapa na kule wakapelekwa wakufunzi wasaidizi wenye mikataba mifupi, tutakuwa tumejenga majengo mazuri ya kugawia mabaki ya elimu.

Mhitimu wa Mkwawa, Gongo la Mboto
Mwalimu, kwa heshima zote, neno hilo la mabaki limetuumiza wengi. Mkwawa ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005 katika majengo ya iliyokuwa sekondari pale Iringa, na wahitimu wake wanafundisha kemia na hisabati katika shule ambazo wahitimu wa Mlimani wengi hawajawahi kuziona. Tumechoka kuulizwa kwenye usaili kama shahada yetu ni ya chuo chenyewe au ya tawi.

Mhadhiri mstaafu
Binti yangu, Mkwawa inathibitisha nilichosema. Ina mkuu wake wa chuo, ina walimu wanaoishi Iringa, na ina kazi moja inayoeleweka. Nawaombea Lindi na Kagera wapate hivyo hivyo.

Mzazi, Mbagala
Mnabishana kuhusu wahadhiri, lakini wanafunzi watakuwa nani? Udahili ni wa nchi nzima, kwa hiyo mtoto wa Liwale hataingia kampasi ya Lindi kwa sababu ya kuzaliwa jirani nayo; ataingia akiwa na alama za kidato cha sita katika biolojia na kemia. Kama shule yake ya sekondari haina maabara wala mwalimu wa kemia, atabaki akiuza maji kwa wanafunzi waliotoka Dar es Salaam.

Mzaliwa wa Nachingwea
Dada, hilo limeniuma kwa sababu ni kweli. Basi chuo kianze na kozi za stashahada za kilimo zitakazowapokea vijana wa kidato cha nne, wapande kutoka hapo, na wanachuo wa mwaka wa tatu wakafundishe kwa vitendo katika sekondari zinazowazunguka.

Mtoa mada
Nimewasikia. Swali langu sasa ni hili: nani atatangulia kuhamia Lindi, ndaki nzima au wasaidizi wachache?

Mzaliwa wa Nachingwea
Atangulie Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wake, na nyumba yake ijengwe kabla ya jengo la utawala.