Mjadala: Jamhuri ikikata rufaa, mshtakiwa abaki rumande?

Mwanzisha mada:

Wakuu, naomba hili tulijadili bila kuangalia rangi ya bendera ya chama cha mtu.

Novemba 23, 2018 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwafutia dhamana Freeman Mbowe, wakati huo mbunge wa Hai, na Esther Matiko wa Tarime Mjini. Wakakimbilia Mahakama Kuu. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ikaweka pingamizi la awali, kwamba rufaa yao isisikilizwe kabisa. Mwishoni mwa mwezi uleule Jaji Sam Rumanyika akalitupa pingamizi hilo. Kabla hajaanza kusikiliza hoja za dhamana yenyewe, mawakili wa Serikali wakawasilisha kusudio la kwenda Mahakama ya Rufani. Kila kitu kikasimama. Jalada likapanda juu, watu wakarudi gereza la Segerea.

Krismasi ikapita wakiwa ndani, mwaka mpya vilevile. Machi 1, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Jamhuri, na Machi 7 Mahakama Kuu ikawarudishia dhamana. Hesabuni wenyewe: siku 104. Na katika siku hizo zote, hakuna shahidi aliyeulizwa hata swali moja kuhusu mkusanyiko wa Februari 2018 kule Kinondoni walioshtakiwa nao.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2016 huko Arusha, hakimu alishasema dhamana ya Godbless Lema, wakati huo mbunge wa Arusha Mjini, iko wazi. Kilichobaki ni kutaja masharti tu. Mawakili wa Serikali wakasimama wakasema wanakusudia kukata rufaa. Masharti hayakutajwa. Lema akatoka Machi 3, 2017, miezi minne tangu akamatwe, baada ya Jamhuri kuziondoa rufaa zake yenyewe mbele ya majaji wa Rufani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa mtu asiyejulikana na gazeti lolote. Mjomba wangu alikuwa mahabusu, jalada lake liko juu kwa rufaa ya upande wa mashtaka. Kila baada ya siku 14 karandinga linafika, anashushwa, jina linaitwa, hakimu anasema, "Jalada halijarudi," anapanga tarehe nyingine. Dakika mbili hazifiki. Shangazi amesimama nje na hotipoti ya wali ambayo askari hawaruhusu iingie. Alirudi nayo nyumbani mara saba.

Msimamo wangu: haki ya kukata rufaa ibaki kwa pande zote, lakini kusudio la Jamhuri lisiwe kufuli la rumande. Karibuni.

Wakili, Mwanza:

Ndugu yangu, pole kwa ya mjomba. Ila tusiilaumu rufaa kama rufaa. Mbowe, Matiko na viongozi wenzao wa Chadema walitiwa hatiani Machi 2020, wakatozwa faini ya shilingi milioni 350 kwa jumla. Nani aliifuta hukumu ile Juni 2021? Mahakama Kuu, kwa njia ya rufaa.

Pili, sheria unayoitaka nusu yake ipo. Kifungu cha 5(2)(d) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kinakataza rufaa dhidi ya uamuzi mdogo wa Mahakama Kuu usiomaliza shauri. Tatizo ni kwamba anayetamka kuwa rufaa imekatazwa ni Mahakama ya Rufani yenyewe, na mpaka jopo la majaji watatu likae, miezi imekwenda.

Tatu, washtakiwa nao hucheza na muda. Jacob Zuma wa Afrika Kusini alishtakiwa kwa rushwa ya ununuzi wa silaha mwaka 2005. Mapingamizi, rufaa, maombi ya kumkataa mwendesha mashtaka, yote kayapitia. Miaka 20 baadaye ushahidi ulikuwa haujaanza kusikilizwa. Huyo naye umpe nini?

Mwanzisha mada:

Nashukuru wakili, hoja ya kwanza naikubali yote. Ya Zuma ndiyo inayonipa nguvu. Karibu miaka yote hiyo alikuwa akisubiri kesi ile akiwa huru, akila na wanawe, na katikati akawa Rais wa nchi. Mbowe na Matiko walisubiri Segerea. Ucheleweshaji ni uleule, lakini mmoja anaununua kwa ada ya mawakili, mwingine analipishwa kwa mwili wake. Siwezi kuviweka kwenye mzani mmoja.

Hapo kwenye jopo la majaji watatu ndipo pa kushika. Kusudio likiwa ni la kupinga uamuzi mdogo, jaji mmoja wa Rufani apewe siku saba aseme kama linapita 5(2)(d) au halipiti. Na huku chini, dhamana iendelee kusikilizwa. Zamani tulikuwa tunaambiwa jalada liko safarini. Leo mashauri yanasajiliwa na nyaraka zinawekwa kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama. Hakimu wa chini anaweza kuendelea na nakala.

Wakili, nisaidie hapa: ukiacha mazoea, kuna kifungu gani kinachomlazimisha hakimu kukunja mikono kwenye dhamana kwa sababu tu Jamhuri imetamka kwamba inakusudia?