Waliokataliwa hifadhi Australia: mlango wa mahakama ubaki wazi au ufungwe?

Mleta mada
Wadau, Jumamosi tulikuwa arusini hapa Melbourne, ukazuka ubishi mezani ambao hata pilau haikuuzima. Kaka mmoja aliyekuja na viza ya ukimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alisema waliokataliwa viza ya ulinzi (ile ya kupewa hifadhi kama mkimbizi) wasiruhusiwe kwenda mahakamani. "Wamesikilizwa mara mbili, ya tatu ya nini?" Nusu ya meza ikamuunga mkono. Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Anayeomba ulinzi akiwa ndani ya Australia hujibiwa kwanza na Wizara ya Mambo ya Ndani. Akikataliwa, anakwenda kwenye baraza la mapitio, ART, lililochukua nafasi ya baraza la zamani, AAT, Oktoba 14, 2024. Huko bado anasimulia kisa chake: nani anamtafuta, kwa nini harudi. Baraza nalo likikataa, ana siku 35 za kufungua shauri mahakamani. Na hapo ndipo meza yetu yote ilipopotea. Jaji hakuulizi kama wewe ni mkimbizi. Anauliza kama baraza lilifuata sheria: lilikupa nafasi ya kujibu taarifa liliyoitumia dhidi yako? Lilipima dai lako lote au liliruka nusu? Ukishinda hupewi viza, faili linarudi barazani lisikilizwe upya. Kwa hiyo hiyo si mara ya tatu ya kusikilizwa. Ni mara ya kwanza kwa mtu wa nje kuikagua kazi ya wale wawili.

Halafu Bunge lilishajaribu kuufunga mlango huu. Mwaka 2003, katika shauri la Plaintiff S157, Mahakama Kuu (kwao Australia hiyo ndiyo ya juu kabisa, si kama Tanzania) ilisema kifungu cha kuzuia mashauri hakiwezi kuulinda uamuzi uliofanywa nje ya mamlaka. Msingi wake ni kifungu cha 75(v) cha Katiba, na kukigusa hicho kunataka kura ya maoni ya nchi nzima.

Wa Nyarugusu
Ni mimi huyo wa arusini, na sijafuta neno. Nimekaa kambini miaka 14. Dada yangu yuko kule hadi leo, maombi yake ya viza yalikataliwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Aliyekataliwa akiwa nje ya Australia hana baraza la kumsikiliza upya. Ninyi mnaongelea ngazi tatu, yeye aliishia ya kwanza.

Na tuambiane ukweli. Wapo watu hapa waliokuja na viza ya matembezi au ya masomo, ajenti akawanong'oneza: omba ulinzi, ukikataliwa kata rufaa, utafanya kazi miaka kadhaa huku unangoja. Hayo si maneno yangu peke yangu. Serikali yenyewe Oktoba 2023 ilikiri kwamba mfumo unatumiwa vibaya, ikatenga fedha za kuongeza majaji na wajumbe wa baraza. Mwenye kesi ya kweli anakaa nyuma ya hao kwenye foleni.

Mama Mkalimani
Mdogo wangu wa Nyarugusu, pole kwa dada. Ila sikiliza hili. Kijana mmoja alisema kwenye usaili wa kwanza kwamba baba yake aliuawa Uvira. Barazani akasema "baba ndiye aliyenipeleka shule Bukavu", miaka mitatu baada ya kifo hicho. Wakaandika: mwongo. Sisi wote hapa tunajua alikuwa anamsema baba mdogo. Mkalimani alitafsiri neno, hakutafsiri ukoo. Nani angelirekebisha hilo kama mlango umefungwa? Kosa la ukalimani likiwa zito kiasi cha kuweza kubadili matokeo, jaji anaweza kuutengua uamuzi.

Lakini nanyi mnaotetea rufaa msiipambe. Nimekaa viti vya nyuma mara nyingi. Mtu anasimama bila wakili, anaambiwa aeleze kosa la kisheria, anajibu "nikirudi wataniua". Jaji anasikia, anasikitika, na hawezi kulitumia jibu hilo.

Bodaboda wa Perth
Na ada? Kufungua shauri ni zaidi ya dola 3,000, labda uombe kupunguziwa kwa shida. Ukishindwa unadaiwa na gharama za waziri. Huyo wa kupoteza muda makusudi ana mfuko mnene kweli.

Mleta mada
Kaka wa Nyarugusu, la ajenti nakubali, tena kwa uchungu, maana namjua mmoja. Ila anachouza ajenti ni ile miaka ya kungoja. Kesi ingekwisha kwa miezi sita, angekosa bidhaa. Dawa ni majaji wengi na wakili wa kusoma uamuzi mapema, amwambie mtu waziwazi: hapa huna kesi, usitupe pesa. Ukifunga mahakama, ajenti atabuni njia nyingine, na kijana wa baba mdogo atapandishwa ndege.

Wa Nyarugusu
La baba mdogo limeniingia, sikatai. Hata mimi baba aliyenilea si aliyenizaa, na kwenye fomu niliandika "baba". Bahati yangu hakuna aliyeuliza. Lakini dada yangu? Hapo bado hamjanijibu.