Sanamu ya gavana Juan de Oñate irudishwe, au ibaki stoo? Tujadili

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa lori hapa Marekani, na njia yangu kubwa ni barabara kuu ya I-40 inayokatiza jimbo la New Mexico. Ukitoka Albuquerque kwenda magharibi, mwendo wa saa moja hivi, kuna mwamba umesimama peke yake bondeni, una urefu wa zaidi ya mita 100. Juu yake kuna kijiji kinaitwa Acoma. Watu wameishi pale kwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Umeme hakuna, maji ya bomba hakuna, lakini nyumba za udongo zipo na wenyewe wapo. Siku moja nilipaki lori nikapanda na kundi la wageni, maana pale hutembei bila mwenyeji wa kukuongoza. Tangu siku hiyo jina la Oñate halijanitoka kichwani.

Kwa wasiomjua: Juan de Oñate alizaliwa Zacatecas, Mexico ya leo, miaka ya 1550 hivi. Baba yake alikuwa tajiri wa migodi ya fedha, na mke wake alikuwa mjukuu wa Hernán Cortés. Mwaka 1595 alipata mkataba wa mfalme Felipe II wa Hispania kwenda kuweka makazi kaskazini kwa gharama zake mwenyewe, naye apewe ugavana. Mwaka 1598 akavuka mto Rio Grande na mamia ya watu, magari ya kukokotwa na maelfu ya mifugo. Akaingia kijiji cha wenyeji cha Ohkay Owingeh na kukigeuza makao yake.

Kumbukeni, gharama zilikuwa zake. Hakukuta fedha. Watu wake wakapata njaa, wakaanza kupita vijijini kudai mahindi, unga na mablanketi. Desemba 1598 mpwa wake, Juan de Zaldívar, alifika Acoma kudai chakula. Ugomvi ukazuka, akauawa pamoja na askari wake kadhaa. Januari 1599 Oñate akamtuma mdogo wa huyo marehemu, Vicente de Zaldívar, na askari wapatao 70 na mizinga. Vita ilichukua siku tatu. Wanaotaja idadi ya waliokufa husema watu 800 hivi.

Halafu ikaja hukumu ya Februari 1599, yenye saini ya gavana mwenyewe. Wanaume 24 wa zaidi ya miaka 25 wakatwe mguu mmoja na watumikie utumwa miaka 20. Vijana na wanawake kuanzia miaka 12, utumwa miaka 20. Watoto wadogo waondolewe kwa wazazi wao, na wasichana wapatao 60 wakapelekwa Mexico. Wanaume wawili wa kabila la Hopi waliokutwa pale kwa bahati mbaya wakakatwa mkono wa kulia, wakarudishwa kwao wakaonyeshe.

Sasa hoja yenyewe. Miaka ya 1990 wakubwa wa eneo la Alcalde, kaskazini mwa New Mexico, walimjengea Oñate sanamu ya shaba akiwa juu ya farasi. Mwaka 1998 ulipokaribia, watimize miaka 400 tangu msafara wake ufike, watu wasiojulikana walikwenda usiku wakaukata mguu wa kulia wa sanamu. Ukatengenezwa mwingine. Tarehe 15 Juni 2020 serikali ya wilaya iliiondoa kabla ya maandamano. Jioni ile ile, Albuquerque, mtu alipigwa risasi kwenye maandamano ya kupinga sanamu nyingine ya Oñate, na kesho yake nayo ikaondolewa. Septemba 2023 wakuu wa wilaya wakataka kuisimamisha ile ya Alcalde mjini Española. Risasi tena, mpinzani mmoja akajeruhiwa vibaya.

Mimi nasema isirudi. Ninyi mnasemaje?

Mchangiaji wa 1, mwalimu wa historia, Morogoro

Asante mleta mada kwa mada nzito, ila umeisimulia upande mmoja.

Ungewauliza pia watu wa New Mexico wanaozungumza Kihispania, ambao babu zao walikuja na msafara ule. Marekani ilipoichukua nchi ile katika vita ya 1846 hadi 1848, watu hao waligeuzwa wageni nyumbani kwao. Walipoteza mashamba na malisho, lugha yao ikadharauliwa, watoto wao wakaadhibiwa shuleni kwa kuisema. Waliposema "sisi tulikuwa hapa tangu 1598, kabla Waingereza hawajafika Plymouth, pwani ya mashariki", Oñate ndiye aliyekuwa ushahidi wao. Kondoo wa churro ambao leo hata kabila la Wanavajo wanasuka mablanketi kwa sufu yao walikuja na msafara huo. Njia kuu ya kutoka Mexico hadi Santa Fe ni yeye aliyeifikisha kaskazini.

Sitetei kukata watu miguu. Nasema karne ya 16 kila mfalme alikata, alichoma na alinyonga. Ukimpima mtu wa 1599 kwa mizani ya leo, hutabakiza sanamu hata moja duniani.

Mleta mada

Mwalimu, heshima yako. Hayo ya lugha na mashamba nayakubali, na ni machungu ya kweli. Lakini hilo la mizani ya leo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu halikuwa hivyo.

Oñate alihukumiwa na watu wa zama zake. Malalamiko yalianza mapema, kutoka kwa mapadre na walowezi wake mwenyewe, ambao wengi walimtoroka alipokuwa nyanda za Kansas mwaka 1601 akitafuta utajiri wa Quivira, nchi iliyosemekana kuwa na dhahabu. Mwaka 1607 akaandika barua ya kujiuzulu. Mwaka 1614 akasomewa hukumu mjini Mexico, na utawala ule ule uliompa ugavana. Kati ya makosa aliyopatikana nayo ni ukatili kwa watu wa Acoma na kuwaua baadhi ya maofisa wake. Akafukuzwa New Mexico maisha yake yote, akafukuzwa jiji la Mexico kwa miaka minne, akatozwa faini, akavuliwa cheo.

Kwa hiyo mizani ni ya 1614. Hispania ya Felipe III, ambayo haikuwa na huruma nyingi kwa wenyeji, iliona mtu huyu amepita kiasi. Sisi wa leo tukimjengea sanamu tunamsamehe kuliko mfalme wake alivyomsamehe.

Mchangiaji wa 2, Nairobi

Swali dogo. Nimesoma kuwa baadhi ya wanahistoria wanasema hati ya Kihispania inataja ncha za miguu, yaani walikatwa vidole. Na hoja yao ina akili: mtumwa asiye na mguu atafanya kazi gani? Tusijenge mjadala juu ya jambo lenye utata.

Mleta mada

Ni kweli, mkuu, mabishano hayo yapo. Sasa tuseme ni vidole. Toa mguu, weka vidole. Wale 800 wanafufuka? Utumwa wa miaka 20 unapungua? Wasichana wale 60 wanarudi kwa mama zao? Mimi sisimami juu ya mguu peke yake. Ila ule mguu wa shaba uliokatwa Alcalde ndio uliofanya dunia isikie kwamba Acoma ina habari yake.

Mchangiaji wa 3, Malindi

Assalam aleikum ndugu zangu. Mie natoka mji wenye nguzo ya Vasco da Gama, ile yenye msalaba pale juu ya jabali baharini. Wareno hao hao ndio waliopora na kuchoma Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Mbona hatujaibomoa? Wageni wanakuja, watoto wetu wanapelekwa na walimu, wanaambiwa habari yote, tamu na chungu. Ukiondoa jiwe, mtoto atauliza nini?

Mchangiaji wa 4, Dar es Salaam

Waaleikum salaam. Kaka wa Malindi, kwa hilo nitakupinga kwa upole.

Hapa Dar kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann. Naye alikuwa mpelelezi wa bara kisha gavana wa Kijerumani, aliyezima vita ya Abushiri na Bwana Heri kwa risasi na kamba. Wajerumani waliisimamisha 1909, yeye amesimama juu, chini yake askari mwafrika anamtazama. Waingereza walipotwaa nchi wakaiondoa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu. Miaka ya 1960 wanafunzi wa huko huko wakaiangusha. Nani hapa Dar amemsahau Wissmann kwa kukosa sanamu yake? Wanaosoma historia wanamjua vizuri.

Nguzo yenu iliwekwa na watu wa wakati ule. Ni alama waliyoiacha wenyewe, kama kovu. Lakini sanamu ya Alcalde ni ya miaka ya 1990! Watu wenye televisheni nyumbani, wenye hati za kesi ya 1614 maktabani, walikaa kikao, wakatenga fedha za umma na kusema huyu ndiye tumpandishe juu. Huo ni uamuzi wa jana, na uamuzi wa jana unaweza kubadilishwa leo.

Mleta mada

Dada umenisaidia, na acha niongeze mfano wa kule kule. Kuna mwamba unaitwa El Morro, magharibi ya Acoma. Aprili 1605 Oñate alipita pale akitoka kuiona Ghuba ya California, akachonga maneno ya Kihispania: "Pasó por aquí", yaani alipita hapa, kisha jina lake na tarehe. Alichonga kwenye mwamba ambao wenyeji walikuwa wameshachora michoro yao karne nyingi nyuma. Yapo hadi leo chini ya ulinzi wa serikali, na sijasikia watu wa Acoma wakidai yafutwe.

Na kanisa la San Esteban, kileleni Acoma! Lilijengwa kati ya 1629 na 1640. Wanasimulia kwamba magogo ya dari yalibebwa mabegani kutoka mlima Taylor, kilomita karibu 50, bila kuruhusiwa kugusa ardhi. Udongo wa makaburi ulipandishwa kwa vikapu. Hiyo ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Hata hivyo kanisa wanalitunza kwa mikono yao kila mwaka, wanalipaka udongo upya, wanasali humo na kucheza ngoma zao mbele yake. Nilipoingia nilikuta sakafu ya udongo, baridi, na mwanga mdogo wa juu. Kwa hiyo hawa si watu wanaotaka kufuta kila kilicholetwa na Mhispania. Wamechagua. Kanisa lina jasho la babu zao ndani yake, wakalifanya lao. Farasi wa shaba ana nini chao?

Mchangiaji wa 5, El Paso, Texas

Huku kwetu ipo bado, karibu na uwanja wa ndege, urefu wake zaidi ya mita 10. Ila jina halipo. Mwaka 2003, baada ya kelele nyingi, halmashauri ya jiji ilibadilisha jina la mradi kuwa "Mpanda Farasi" tu. Ikazinduliwa 2007 hivyo hivyo. Nikipeleka watoto wananiuliza ni nani, na maandishi hayajibu. Mimi nadhani hiyo ni mbaya kuliko zote mbili. Aidha umtaje na kesi yake yote, au umshushe.

Mchangiaji wa 1, mwalimu wa historia, Morogoro

Nimesoma yote. Hoja ya 1614 ni nzito, nakiri, ingawa tukumbuke kesi zile zilikuwa na fitina za kisiasa ndani yake. Baada ya kufukuzwa alikwenda Hispania, akapewa kazi ya kukagua migodi, akafia huko 1626. Hawakumwona shetani.

Lakini niulize. Ndani ya bunge la Marekani, Washington, jimbo la New Mexico limeweka sanamu ya Po'pay tangu 2005. Huyu ndiye kiongozi wa uasi wa 1680, aliyetoka Ohkay Owingeh, pale pale Oñate alipoweka makao. Uasi ule uliua Wahispania wapatao 400, wakiwemo mapadre 21, na wanawake na watoto. Huyu asimame, yule ashuke? Kwa kanuni gani?

Mleta mada

Mwalimu, swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Damu ya watoto ni damu, iwe ya Acoma au ya walowezi. Lakini Po'pay hakusafiri miezi kadhaa kwenda kuwakuta walowezi kwao. Mwaka 1675 alikamatwa na wenzake 46 kwa kosa la kufanya ibada za wazee wao. Baadhi walinyongwa, waliobaki wakachapwa viboko hadharani. Aliyechonga sanamu ile, Cliff Fragua wa kijiji cha Jemez, aliweka makovu ya viboko mgongoni. Ukizunguka nyuma unayaona. Sanamu ya Po'pay inasema alichotendewa. Ya Oñate haisemi alichotenda.

Mchangiaji wa 6, Mkongo, Albuquerque

Ndugu zangu, mimi naishi hapa karibu na jumba la makumbusho ilipokuwa ile ya pili. Watu wengi hawajui kilichobaki. Waliondoa gavana peke yake. Kundi lote la shaba nyuma yake liko palepale: wanaume, wanawake, watoto, ng'ombe, kondoo, gari la kukokotwa limekwama na watu wanalisukuma. Na pembeni yake kuna kazi ya Nora Naranjo-Morse, mama wa kijiji cha Santa Clara. Wasanii wale walishindwa kukubaliana tangu mwanzo, basi yeye akafanya yake kwa udongo: njia inazunguka inashuka taratibu hadi chini kwenye maji.

Mimi nilikuja kama mkimbizi, na familia, na mizigo. Nikiangalia wale wanaosukuma gari naona watu waliokuja kutafuta maisha, na hao sina ugomvi nao. Wajukuu wao ni jirani zangu, tunasali pamoja. Mwalimu, hao wanaosukuma gari hawatoshi kusema "tulikuwa hapa tangu 1598"?

Mchangiaji wa 1, mwalimu wa historia, Morogoro

Hilo la gari na kondoo sikulijua. Wanaweza kutosha. Ila waulizwe wao, wajukuu, na waulizwe wakiwa wamekaa meza moja na watu wa Acoma. Hadi hapo, isimamishwe popote? Hapana. Kwa sasa ibaki stoo.